Wali wa Watu Watatu

Saa kumi na moja kasorobo jioni Mwanamkisi alikuwa ameshaketi mbele ya runinga ya Mwalimu Mueni, karibu mno hata mwenye nyumba akamwomba asogee ili na wengine waone. Alisogea kidole kimoja. Leo msimu mpya wa shindano la mapishi ulikuwa unafunguliwa, na kati ya washindani kumi na wawili alikuwemo Nusra, binti wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimshikisha mwiko tangu ana miaka tisa.

Nusra alikuwa papo hapo mkekani, mdomo kaufumba. Kipindi kilirekodiwa Nairobi mwezi uliopita, naye alitia sahihi karatasi kwamba hatatoa siri.

"Tikisa kichwa tu," Mwanamkisi alimbembeleza kwa mara ya ishirini. "Ulipita?"

"Shangazi, nilitia sahihi."

"Mimi nimekufundisha kupika. Hiyo karatasi imekufundisha nini?"

Mueni alicheka. Bi Raihana, aliyekalia kiti peke yake, hakucheka. Mwezi ujao alikuwa anamwoza mwanawe Abubakr, na Faza nzima ilijua kwamba bado hajachagua mpishi. Ni Mwanamkisi, aliyepika harusi za mji huu miaka ishirini, au ni wale wapishi wa Ndau wanaosifiwa siku hizi? "Nimekuja kumtazama mwanafunzi wako," alisema alipoingia. "Kisha nitaamua." Kwa hiyo harusi kubwa kuliko zote za mwaka ilikuwa mikononi mwa msichana aliyekaa mkekani akitafuna ncha ya mtandio.

Muziki ukalia. Mtangazaji akatoa masharti: saa moja, chakula cha majaji watatu, kila mtu apike peke yake. Mara Nusra akatokea kwenye kioo, aproni juu ya buibui, kwapani kabeba mbuzi yake ya kukunia nazi aliyotoka nayo Faza.

Mwanamkisi akajipiga paja. "Mwauona mgongo ule? Umenyooka. Mpishi mwoga huinama."

Nusra wa runingani akakalia mbuzi, akakuna nazi ya kwanza. Mwanamkisi akashangilia. Ya pili, akashangilia zaidi. Alipofika ya tano, sauti yake ilianza kupungua. Alipofika ya nane, Mueni akauliza taratibu, "Kwani majaji wameongezwa?"

Hapo ndipo Mwanamkisi alipokumbuka. Katika miaka yote ile hakuwahi kumfundisha Nusra kupikia watu watatu. Nyumbani kwao alipika mama yake. Kwa shangazi yake mchele ulimwagwa kwa gunia, na chakula kidogo kabisa walichowahi kupika pamoja kilikuwa cha hitima ya watu sitini.

"Nusra, mwanangu, ule mchele wote unaoupima ni wa nini?"

"Angalia tu, shangazi."

Kwenye kioo Nusra alikuwa ameteremsha sufuria kubwa kuliko zote zilizokuwa stoo. Aliitua juu ya jiko la gesi, na jiko likapotea chini yake. Dakika ishirini na tano zilibaki, na tui halikuwa limechemka hata pembeni.

"Hauivi wali huo," akasema Bi Raihana.

"Utaiva," akasema Mwanamkisi, ingawa moyoni aliona wazi kwamba hauivi.

Nusra akaitazama sufuria, akayatazama majiko ya wenzake. Kisha akafanya kama walivyofanya siku zote kwenye harusi, jiko la nyumbani linapozidiwa, kazi ikahamia kwa majirani. Akaugawa wali katika sufuria ndogo sita, akazipeleka meza baada ya meza.

"Wewe, jina lako nani?"

"Mugambi," akajibu kijana mmoja aliyekuwa anapamba viazi vyake.

"Mugambi, shika hii. Moto mdogo. Usikoroge, nitakukata mkono."

Mugambi akashika. Na wengine wakashika. Dakika mbili hazikwisha, nusu ya washindani walikuwa wanafunika na kufunua sufuria kwa amri yake, wamesahau kwamba wanashindana naye. Mueni alikuwa ameanguka ubavu kwa kucheka. Mwanamkisi alikuwa amesimama, anaiamrisha runinga: "Punguza huo wa kushoto! Wa kushoto!"

Kengele ililia wali ukiwa umeiva, punje moja moja, unang'aa. Jaji mkuu alionja, akaonja tena, akaendelea kula mpaka mwenzake akamgusa bega.

"Ni chakula kitamu kuliko vyote leo," akasema. "Lakini tuliomba cha watu watatu."

"Humu ndani nimehesabu watu hamsini na watatu," Nusra akamjibu. "Nitapikaje, wengine wasimame wanuse tu?"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Hata hivyo masharti ni masharti: alivuka idadi, na hakupika peke yake. Wa kwanza kutolewa msimu huu akawa Nusra wa Faza.

Mwanamkisi akakaa chini polepole. Hakuthubutu kugeuka alipo Bi Raihana. Runingani wapiga picha walikuwa wameziacha kamera zao, wamepanga foleni na sahani.

"Wote walikula?" Bi Raihana akauliza.

Nusra, ambaye sasa siri ilikuwa imemwisha, akafumbua mdomo. "Wote, na wengine wakarudia. Kikabaki cha walinzi wa getini."

"Kwa saa moja? Kwa majiko ya watu usiowajua?"

"Na mwalimu wangu hakuwepo."

Bi Raihana akainuka, akajifunga buibui. "Wale wa Ndau, harusini kwa dada yangu, waliwaacha wageni na ndaa hadi alasiri. Mimi siozeshi mwana kwa watu watatu. Wageni wangu ni mia nne. Mwanamkisi, harusi ni yako, na huyu awe kwenye sufuria kubwa."

Kicheko kilikuwa kinampanda Mwanamkisi kooni kama maziwa yanayofura. Alikizuia kwa nguvu zake zote, akatengeneza mtandio, akatazama dari.

"Nitaangalia kama nina nafasi," akasema.