Viatu vya Pembe

Sahani ilikuwa imekauka mbele yake, na bado Mama Pétronille hakuinuka mezani. Nilimwona kutoka mlangoni akigeuza kurasa za kitabu cha nyimbo ambacho anakijua chote bila kukifungua. Ilikuwa saa tisa alasiri. Alikuwa amemaliza kula tangu saa saba.

"Mukwe," aliita bila kuinua macho, "kama chai iko, uniletee kidogo."

Nikaleta chai. Kilikuwa kikombe cha nne. Nilikiweka pembeni mwa meza, mbali kidogo na mkono wake, nikarudi nyuma hatua tatu kama inavyompasa mkwe. Akasema asante, akakitazama kile kikombe kama mtu anayetazama dawa chungu. Wote wawili tulijua kwamba hakuwa na kiu. Mama mkwe wangu alikuwa amekwama.

Kwetu, mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hapokei mfuko wake mpaka autue chini, na njia ikiwa nyembamba anajibanza majanini ili yeye apite. Ndiyo heshima tuliyozaliwa tukaikuta, na sikuwahi kuiona kuwa mzigo. Siku hiyo niliiona. Hortense, mke wangu na binti yake, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Komanda kununua maharage. Majirani walikuwa matangani. Nyumba nzima tulibaki wawili: mwanamke asiyeweza kuinuka na mwanamume asiyeruhusiwa kumwinua. Ningeweza kusogeza meza, lakini ni meza hiyo hiyo aliyohitaji kuiegemea. Kuvuta kiti naye akiwa amekikalia kungekuwa sawa na kumbeba, na yeye angeona afadhali kufa kuliko kuniomba.

Basi akajikaza kisabuni, akaimba kidogo, akaniuliza habari za bei ya misumari. Saa kumi na nusu Hortense akaingia na vumbi la njia nzima, akamshika makwapani, akamwinua. Mama alipita mbele yangu na fimbo yake, mgongo umenyooka.

"Chai yako iko muzuri, mukwe," alisema.

Nilienda nyuma ya karakana yangu nikakaa juu ya gogo. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu kile kiti nilikitengeneza mimi.

Nilipomposa Hortense, miaka kumi na moja kabla ya siku hiyo, sikuwa na ng'ombe wengi wa kujionyesha nao. Nilikuwa na mikono. Nikafuata mwenyewe mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni, hadi Komanda, nikazileta juu ya lori, nikatengeneza meza moja na viti sita ambavyo hata leo havijalegea kiungo. Chini ya kila mguu nilipigilia kipande cha raba ya tairi la lori, kama tunavyofanya mafundi wote wa Bunia, ili kiti kisikwaruze saruji na mti usinywe maji ya kudekia. Mama Pétronille alikuwa directrice, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, wakati huo. Alivipitia viti vyote sita akivigongagonga kwa kidole, kimoja baada ya kingine, kama anayekagua madaftari. Mwisho akasema, "Huyu anajua kazi." Sijapata cheti kingine maishani mwangu, wala sikukitafuta.

Baadaye alianguka, akavunjika nyonga. Hospitali ya misioni kule Nyankunde walimtengeneza vizuri, akarudi kwa miguu yake na fimbo. Sisi tulihamia nyumba ya nyuma katika ua wake huko mtaa wa Shari, na walimwengu wakapata la kusema, eti fundi Liévin ameolewa. Waseme. Kuinuka kwenye kiti kulimpa shida kidogo, lakini juu ya saruji aliweza: aliweka mikono mezani, akasukuma, kiti kikarudi nyuma, magoti yakapata nafasi, akasimama.

Kisha Gauthier, mtoto wake wa kwanza anayefanya kazi Kisangani, akatuma zulia. Zulia jekundu, la ukuta hadi ukuta, nene kiasi kwamba sindano ikianguka humo, umeiaga. Raba zangu zililing'ang'ania kama kupe. Mama alisukuma, kiti hakikwenda popote.

"Tutoe hii tapi," Hortense alimwambia jioni ile ya chai nne.

"Tapi ya mutoto wangu itoke juu ya matako yangu?" Mama alijibu. "Batu bote ba Shari bameiona. Itabaki."

Ukimjua Mama, hungebishana. Amefundisha nusu ya Shari kusoma. Hapiti siku bila mtu mzima mwenye mvi kupiga hodi ili kumsalimu mwalimu wake, na mwalimu lazima asimame kumpokea, kisha amsindikize hadi langoni. Kwake yeye, kumuaga mgeni ukiwa umekaa ni kumfukuza. Tangu zulia lilipoingia, alikuwa amewafukuza watu kumi na wawili. Alikuwa akiwahesabu.

Hortense, kwa kuchoka tu, alimweleza kaka yake kwenye simu. Jibu la Gauthier lilikuja upesi, na kwa sauti kubwa kiasi kwamba sote tulilisikia. Jumapili ya pili angefika pamoja na mjomba Ephraïm, mdogo wake Mama, wamchukue Mama akaishi Kisangani. Huko kulikuwa na wasichana wawili wa kumwinua. Nyumba ya Shari ingepangishwa.

Kesho yake asubuhi nilisikia fimbo ikija karakanani. Hakuwahi kufika huko. Alisimama nje, mimi nikasimama ndani, benchi langu katikati yetu.

"Mukwe. Ku Kisangani miye sijue hata mutu moja. Watanikalisha, watanilisha, watanilaza. Hapa batu banajua jina yangu."

Nikainamisha kichwa.

"Kiti yako njo inanifunga," alisema. "Uifungue."

Akageuka, akaenda zake.

Nilikuwa na siku kumi. Kwanza niling'oa raba, nikafikiri kazi imekwisha. Miguu mitupu ya mti ikachimba zulia kama jembe. Nikaipaka nta ya mshumaa. Siku mbili ikateleza, siku ya tatu ilikuwa imeokota nyuzi zote na kuacha madoa manne. Mama aliyatazama madoa, akayazunguka akaenda zake, na mimi ningependa zaidi anitukane. Nikajaribu vifuniko vya chupa za bia. Meno yake yalivuta uzi mrefu kutoka kwenye zulia la Gauthier, nikaukata kwa wembe upesi kama mwizi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ndivyo wasemavyo, lakini wanaosema hivyo hawakuwa na mama mkwe anayewasubiri.

Jumatano Hortense aliingia na unga ndani ya beseni la chuma, zito, mikono imemchoka. Akalitua juu ya zulia, akalisukuma kwa mguu. Beseni likaenda lenyewe mpaka mlango wa jikoni.

"Rudia," nikamwambia.

"Fundi, akili yako iko muzima?"

"Rudia tu."

Alirudia mara tatu, akicheka. Nikamwaga unga kwenye sufuria, nikaligeuza beseni na kulipapasa chini. Laini, pana, na kingo zake zimepinda kwenda juu. Halikuwa na pembe ya kuchimba. Lilipanda juu ya nyuzi badala ya kupigana nazo. Na mimi, fundi mzima, nilikuwa nimekipa kiti miguu myembamba yenye ncha nne, halafu nikashangaa kwamba kinachimba.

Chuma sikukitaka, kingeshika kutu na kuchafua. Lakini mimi ni mtoto wa wafugaji, na pembe ya ng'ombe naijua tangu utotoni. Babu yangu alikuwa akichonga vijiko vya pembe. Kadiri kijiko kilivyotumiwa, ndivyo kilivyozidi kuteleza mkononi. Alhamisi asubuhi nilienda machinjioni, nikarudi na gunia la pembe. Nilizichemsha kwenye sufuria kuukuu hadi zikalegea, na harufu yake ikawafanya majirani waulize kama kuna aliyekufa. Nikazipasua, nikazibana katikati ya mbao mbili hadi zikanyooka na kukauka. Kisha nikakata duara moja moja, pana kuliko mguu wa kiti. Kingo nilizipiga tupa hadi zikapinda kama mgongo wa kijiko, nikasugua kwa msasa, nikamalizia kwa majivu na kitambaa chenye mafuta, kisha kikavu. Katikati ya kila duara nilizamisha skurubu moja, kichwa kikajificha ndani kabisa kisiguse zulia.

Hortense alinikuta Ijumaa nikiwa nimefikia duara la kumi na tisa.

"Mama anaikaliaka kiti moja tu. Ishirini na ine ya nini?"

"Kikivaa kimoja, ni kiti cha mgonjwa," nikamwambia. "Vikivaa vyote, ni viti vya nyumba."

Akakaa chini, akaanza kunisaidia kusugua.

Siku hizi wateja wananipa sifa ambayo si yangu. Wanakuja kutoka mitaa yenye nyumba za vigae na mazulia, wananiita fundi wa pembe, wananiuliza nilisomea wapi ujuzi huo. Nawaambia nilisomea kwa mwanamke aliyekuwa amebeba unga. Wanadhani natania.

Jumamosi tuliviingiza viti vyote sita. Nilitaka kuona akijaribu. Mama akasimama mlangoni, akangoja nitoke, akafunga. Nikasikia ufunguo. Muda wote wa mchana sikusikia kitu kingine: si mkwaruzo, si kishindo, si neno. Nikamtuma Hortense aulize. Akarudi na jibu.

"Anasema mukwe amemaliza kazi yake. Sasa yeye anafanya ya kwake."

Kwa hiyo Jumapili niliingia kwenye ile sebule bila kujua lolote, nimevaa suti. Gauthier alikuwa amefika kutoka Kisangani, mwanamume mkubwa, mwema, mwenye sauti ya kujaza nyumba. Mjomba Ephraïm alikuwa amekuja kutoka Nyankunde na kofia yake ya misa. Tulikula sombe, wali na mbuzi. Mama alikaa kichwani mwa meza, hakuongea sana. Fimbo yake sikuiona popote.

Sahani zilipokwisha kutolewa, Gauthier akafuta mdomo.

"Mama, siye tumeongea. Hapa unateseka. Hortense naye anachoka."

"Dada," mjomba Ephraïm akaongeza taratibu, "nguvu ya mutu iko na mwisho. Si aibu."

"Njo vile," Gauthier akasema, akasimama. "Acha nikuinue, twende inje, nikuelezee vizuri." Akaanza kuzunguka meza, mikono yake mikubwa imeshanyooshwa.

"Gauthier. Kaa."

Ilikuwa sauti ya darasani. Gauthier, mwenye watoto wanne na gari, akakaa.

Mama akakunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka kando. Akaweka viganja vyote viwili juu ya meza, vidole vimetanuka. Nilitazama viganja vile kwa sababu sikuthubutu kutazama kiti. Akasukuma, tena polepole, kama mtu anayefunga droo. Kiti kikarudi nyuma juu ya zulia jekundu kimya kabisa, kiasi cha dhiraa moja, kikatulia. Magoti yakapata nafasi yake. Akaegemea meza, akainuka, akanyooka, akasimama wima juu yetu sote.

Mjomba Ephraïm alikuwa wa kwanza kufahamu. Akavua kofia. Kisha akainama, akainua kitambaa cha meza, akachungulia chini kwa muda mrefu.

"Nani anakuinuaka, mama?" Gauthier akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Mama hakunigeukia. Heshima haimruhusu kunikazia macho, kama vile hainiruhusu mimi kumshika mkono. Aliongea akimtazama mwanawe.

"Mukwe wangu njo ananiinuaka. Na hata siku moja hajanigusa."

Hortense alikuwa amefunika mdomo kwa mkono. Gauthier akatazama miguu ya kiti chake mwenyewe, akajisukuma nyuma kidogo, akajivuta mbele, akajisukuma tena. Uso wake mkubwa ukafunguka.

"Shemeji," akaniambia, "ku Kisangani niko na viti munane."

Mjomba Ephraïm akacheka hadi akashika mbavu, na kuhusu Kisangani hakuna aliyeongea tena, si siku hiyo wala baadaye. Saa kumi Gauthier akaaga. Mama akatangulia kutoka nje. Wote wakamfuata: mwanawe, mdogo wake, binti yake. Kupitia dirishani nilimwona akivuka ua kwa miguu yake, akimsindikiza mgeni hadi langoni, na watoto wa jirani wakimsalimu kwa jina.

Nilipaswa kwenda nao. Machozi ya fahari yalinitoka na sikuyafuta. Nilibaki pale mezani peke yangu, nimekaa kwenye kiti kinachoteleza kuliko vyote Bunia, kwa sababu magoti yangu mimi ndiyo yaliyokataa kuinuka.