Droni Juu ya Zizi la Maganga

Hawa wanaojenga soko jipya hapa Masumbwe wana kidude kinachoruka, wanakiita droni. Kinavuma kama nyigu waliochokozwa, kinapiga picha kiwanja na miji yetu yote, kaya kwa kaya, halafu injinia Davis anakaa kivulini kutazama ua wangu kwenye kishikwambi kikubwa kama sinia. Hata hodi hapigi! Nilivumilia. Kwa umri huu, atakayenichungulia naoga ataumia mwenyewe.

Uvumilivu uliisha walipomwaga chokaa. Mstari wa mtaro wa maji ya mvua ulitoka sokoni ukakata zizi langu la ng'ombe katikati. Na humo zizini amelala mume wangu, Maganga. Sisi Wasukuma wa zamani, mwenye mji tulikuwa tunamzika zizini, bila msalaba wala saruji. Ng'ombe wake wakimkanyaga, ndiyo heshima yake.

Nikamfuata Davis.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Unataka kumfukua mwenzako?"

Alicheka mpaka nilipomweleza. "Bibi, picha za droni hazionyeshi kaburi. Ni samadi tupu. Yale ya kanisani yana misalaba, tumeyakwepa."

"Kwa hiyo asiye na saruji hajafa?"

"Bila alama, wakubwa hawatanielewa, na katapila linaingia kesho asubuhi. Labda tumwagie zege sasa hivi, lionekane."

"Zege! Ng'ombe wavunjike miguu? Maganga atoke kuniuliza nimeolewa na fundi gani?"

Herman, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amesimama palepale. Siku ya msiba wa Maganga alikula nyama kuliko wafiwa. Leo anatazama viatu.

"Mama Eunice," akasema, "haya ni maendeleo."

Nilitamani kumvua hivyo viatu nimpige navyo.

Asubuhi, ng'ombe walipokwenda malishoni, nilivaa gauni langu jekundu nikalala chali juu ya Maganga, kwenye samadi. Droni ikaja kupiga picha, katapila likinguruma kule sokoni. Ikasimama juu yangu. Nikafumba macho, nikaachama.

"Bibi amekufa!" Sauti ya Davis hiyo. Wakaja mbio, yeye mbele, Herman nyuma anahema. Davis akapiga magoti kwenye samadi mbichi, akanishika mkono.

"Nipo," nikasema.

"Bibi! Umetutisha!"

"Mimi wa juu mmeniona, mkaja mbio. Huyu wa chini mnamletea katapila. Sitoki. Pigeni picha nyingine, wakubwa waambieni tuko wawili."

Davis akamgeukia Herman. "Mwenyekiti, kweli kuna mtu hapa?"

Nikafungua jicho moja, nikamkazia.

"Yupo," Herman akasema. "Hata mimi nilichimba kaburi lake."

"Na jana ulikuwa bubu?" Davis akamuuliza.

Kisha Davis alikwenda pembeni na simu, akabishana na mtu, akasikiliza, akabishana tena. Aliporudi alibeba mfuko wa chokaa mwenyewe, akaanza kumwaga mstari mpya nyuma ya zizi.

"Sogeza," nikamwambia, bado nimelala.

Akasogeza.

"Sogeza tena. Maji machafu ya soko yasimlowanishe mume wangu."

"Lakini bibi, huko ni shambani kwa mwenyekiti!"

"Ndiyo. Sogeza."