Konokono Aliyebeba Birika

Mkono wa kulia wa Mama Kola ulitolewa plasta siku ya Jumatatu, na kufika jioni alikuwa ameshajuta kuzaliwa nao. Ulikuwa umekakamaa kama mwiko. Vidole vilikunjika kwa kujivuta, lakini kifundo kiligoma katakata kugeuka. Na mshonaji asiyegeuza kifundo ni mshonaji wa nini? Jina lenyewe alipewa kwa ajili ya kola, zile za mviringo za sare za shule. Mtaa mzima ulivaa kola zake, na hakuna hata moja iliyowahi kukaa upande.

Kilichomponza ni mdomo. Siku alipoteleza bafuni akavunjika, wifi yake, dada wa mumewe, alikuja kumpa pole. Mama Kola, kwa uchungu, akamwambia kwamba plasta ikishatoka, mwezi ukapita bila yeye kuweza kuzungusha kola, basi cherehani ni chake, aje akichukue. Wifi naye alikuwa mshonaji, mwenye cherehani kibovu kilichokata uzi kila baada ya shubiri. Alijibu tu kwamba Mungu atamponya, lakini jicho lilikuwa kwenye gurudumu la cherehani.

Mtaalamu wa viungo hospitalini alimpa zoezi: ashike kijiti akigeuze huku na huku, mara hamsini asubuhi, mara hamsini jioni. Siku ya kwanza aligeuza hamsini. Ya pili, ishirini. Ya tatu akasema hiyo ni kazi ya kukoroga sufuria tupu, kijiti akakitumia kuegemezea dirisha.

Mjukuu wake mkubwa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la fotokopi, ndiye aliyeleta shauri jingine. Alikuwa na mtindo wa kuchokonoa kwenye simu michezo ya ajabu ajabu, inayotungwa na watu kwa kujifurahisha na kutolewa bure. Wateja wakipungua, alicheza dakika tano akacheka peke yake. Kidole kikitembea kwenye kioo, alisema, hilo nalo ni zoezi.

"Mke mwenzangu," alimwambia, maana babu humwita mjukuu huyo mke mdogo, "kijiti kimekushinda kwa uvivu tu. Jaribu hii, hailipiwi."

Kwanza alimfungulia, kwenye simu ya Mama Kola mwenyewe, mchezo wa kiti kinachozunguka mjini kikitafuta mtu wa kukikalia. Mama Kola alikihurumia kiti mno, akaomba kifungwe. Wa pili ulikuwa wa mbuzi tarishi anayekula barua njiani. Huo aliuita upuuzi, ingawa babu kwenye kochi alicheka mpaka akapaliwa. Wa tatu ulikuwa wa konokono aliyebeba birika mgongoni badala ya nyumba. Kazi ni kumvuta kwa kidole kwenye kijia chembamba kinachopinda kati ya vyungu, bila kugusa ukingo. Akigusa, mfuniko wa birika unaanguka, na konokono anageuka kukutazama kwa lawama.

"Huyu ana kazi ya maana," alisema Mama Kola. Kile kijia, machoni pake, kilikuwa mshono.

Lakini kidole cha kulia kilitetemeka, na mfuniko ulianguka mara tisa. Mjukuu alipoondoka, Mama Kola akafanya jambo ambalo angelifanya mshonaji tu. Kwenye cherehani sindano haiendi popote. Kinachotembea ni kitambaa. Basi akailaza simu juu ya meza ya cherehani, akasimamisha kidole cha kushoto juu ya konokono, wima kama sindano, na kwa kiganja cha kulia akaisukuma simu chini yake, akiigeuza kila kijia kilipopinda. Konokono akavuka vyungu vyote, birika na mfuniko wake.

Tangu hapo hakushikika. Alicheza chai ikipoa, alicheza babu akimsemesha. Wiki tatu zilipita hivyo. Siku mbili kabla ya mwezi kutimia na wifi kuja, mjukuu alikuja akamkuta kazini, akacheka, kisha kicheko kikakatika.

"Bibi, kidole unachochezea ni cha kushoto. Mkono mgonjwa umeupa likizo."

Mama Kola alijiona kama mtoto aliyeshikwa akinakili mtihani. Aliizima simu. Kile kijiti cha dirishani hakukigusa. Aliona maji yameshamwagika.

Jumamosi wifi alifika na mtu wa mkokoteni. Mama Kola alikuwa amekipangusa cherehani na kukitia mafuta, kwani ahadi ni deni. Aliomba jambo moja tu, amwonyeshe tabia zake, kwamba kwenye mviringo hupenda kitambaa kisukumwe taratibu. Akachukua kola iliyobaki bila kushonwa tangu kabla ya kuanguka, akaiweka chini ya sindano ili wifi asikie mlio, akakanyaga. Macho yake yalikuwa kwenye uzi, na mawazo yalikuwa kwenye kuaga.

Aliyeona ni babu. "Mbona umezungusha?" akauliza.

Mama Kola akaitazama kola. Ilikuwa imezunguka mwanzo hadi mwisho. Akautazama mkono, ambao ulimuuma kidogo, kama mlango uliokaa muda bila kufunguliwa. Ndipo akaelewa ni nani aliyekuwa akiisukuma simu wiki zote tatu. Akashona kola ya pili kwa kuhakikisha tu, huku machozi yakimdondokea.

Wifi aliichukua kola, akaipindua nje ndani akitafuta kosa. Hakulipata. Akajiachia kitini.

"Wifi, nilishahamisha hata kabati kukipisha," alisema. "Lakini ashukuriwe Mungu. Usiku kucha nilikuwa nawaza nitapitaje mtaani na cherehani cha mgonjwa. Wangesema nimekuvua nguo kitandani."

Wakacheka mpaka mtu wa mkokoteni akachungulia kuuliza kama apakie au aende. Mama Kola akamtuma akalete kile kibovu cha wifi, akisema atakitengeneza mwenyewe, kwa vile mkono upo.

Walipokuwa wakingoja, Mama Kola alimsimulia habari za simu, na wifi akaomba amwone huyo konokono mganga. Mfuniko ukaanguka papo hapo.

"Kwa nini ananitazama hivyo?"

"Simamisha kidole, wifi," alisema Mama Kola. "Sogeza kitambaa."