Nyanya ya Wagih

Siku ya arobaini tangu tumzike mume wangu Wagih, nyanya yake ilikuwa bado imekaa kwenye dirisha la jikoni, ngumu, ya njano, ngozi haina hata kunyanzi. Aliichuma kwenye mche mmoja uliokataa kuzaa nyekundu katika shamba letu zima.

"Nagat, usiikate mpaka iive," aliniambia. "Tutaila pamoja."

Juma lile lile moyo wake ulisimama akifungulia maji mtaroni. Trekta likaja kulima, mche ukafukiwa pamoja na mingine. Ikabaki hiyo moja.

Mimi sikulia. Sikujivunia wala sikuona haya. Machozi hayakuja tu. Nilipika, nilifua, nilikula nilichopewa. Siku hiyo ya arobaini wifi yangu Ihsan alinikuta namenya vitunguu vya wageni, macho yananichuruzika.

"Loo! Kumbe unaweza! Kitunguu kinakuliza kuliko kaka yangu?"

"Kitunguu nimekizoea, wifi."

Akasonya, akatoka.

Kisomo kilipokwisha, Rifaat, bwana shamba wetu na rafiki wa marehemu, aliingia jikoni kunipa pole. Akaiona nyanya, akaibonyeza.

"Hii haiivi, shemeji."

"Ningoje mpaka lini?"

"Hata ungoje mpaka Ramadhani. Ina hitilafu ya kuzaliwa, ndani ya mbegu. Tunda linakua vizuri, lakini mwili ukiliamuru liive, halisikii. Ila ukiichanganya na nyekundu, watoto wake huiva polepole, wakafika Kairo wazima. Hicho ndicho Wagih alichokuwa akikitafuta. Ikate utoe mbegu. Ukiichelewesha itaoza nazo, na nyingine huna."

Alipoondoka niliitazama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimeahidi kungoja. Nikachukua kisu.

Mbegu zilikuwa nzima, nene. Nilizikwangua zote, nikazianika kwenye karatasi, kisha nikakata kipande nikatia chumvi, kama alivyopenda yeye. Nikatafuna. Kilikuwa kama maji ya bomba. Na mwenzangu alikufa akiamini ni tamu.

"Wagih," nikasema, "haina ladha."

Nikanyamaza nimsikilize, maana mtu yule hakuwahi kukosa la kunibishia hata siku moja.

Hakujibu. Ndipo nikalia, na jikoni hapakuwa na kitunguu hata kimoja.