Aletta wa Watu Gani

Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni na sinia la kahawa mikononi, nikiomba Baba asiulize swali lake. Akauliza.

"Mmekuja kumposa nani?"

"Aletta, Mzee," Clive akajibu. Alikuwa amesafiri siku mbili kwa gari kutoka Cape Town pamoja na mama yake, na suti yote ilikuwa makunyanzi.

"Akina Aletta wapo wengi. Aletta wa watu gani?"

Hapa Rehoboth, Namibia, kila mposaji analijua jibu: Baster. Ndivyo tunavyojiita tangu mababu zetu, wajukuu wa Waholanzi na wanawake wa Kikhoi, walipovuka Mto Orange na mikokoteni ya ng'ombe. Kwetu ni jina la kujivunia. Huko Cape Town neno lilelile ni tusi, la mtoto wa haramu. Kutoka huko nilimwandikia Baba barua tatu nikimsihi asimbane kijana wa watu. Barua tatu! Afadhali ningemwandikia jogoo asiwike.

"Semeni basi. Au mnaona haya?"

Mama Fortuin, mama yake Clive, akauweka mkoba chini. "Mzee Diergaardt, neno hilo mwalimu aliniita mbele ya darasa nikiwa na miaka minane. Mwanangu halitamki. Wala mimi."

"Hapo ndipo mnapokosea. Sisi tulimnyang'anya fimbo aliyetupiga, tukaifanya mkongojo."

"Hongera. Mimi alama zake bado ninazo mgongoni."

Shangazi Katriena, aliyekuwa akichungulia begani kwangu, akaninong'oneza, "Ndoa ndiyo hiyo inakwenda na maji. Si nilikwambia umchukue yule mtoto wa Mouton?"

Nilichoka. Nilichoshwa na Baba na kiburi chake, na mama mkwe na kidonda chake, na Clive aliyekodolea macho viatu vyake. Walikuwa wakinigombania mimi, na hakuna aliyekumbuka kuniuliza. Nikausukuma mlango kwa kiwiko. Kwetu mwali hatoki kabla hajaitwa. Shangazi akanidaka gauni, nikamponyoka.

"Baba, mimi ni Baster, na hakuna asiyejua. Lakini sitaki kuombwa kwa neno linalomuumiza mtu. Huyu ndiye nitakayeolewa naye, hata ikibidi niondoke leo na nguo hizi nilizovaa."

Sikuwahi kumjibu hivyo.

"Kijana," Baba akamwambia Clive, "mwombe kwa jina lake tu."

Clive akaomba, Baba akakubali, kisha akatoka kwenda kuangalia mbuzi. Hakurudi mpaka wageni walipoondoka.

Miaka kumi na mmoja wazee wale wawili walisalimiana kwa adabu ya kukera. Kila Krismasi Baba alimpelekea mwenzake nyama kavu na kikaratasi: "Kutoka kwa Baster mkaidi." Mama Fortuin alishukuru kwa nyama. Kikaratasi hakukitaja hata mara moja, na mimi niliyekuwa katikati nilitamani kuwazaba vibao wote wawili.

Tulimzika Baba mwezi wa Agosti, upepo ukitutia vumbi machoni. Mchungaji akasoma maneno ambayo Baba aliagiza yasomwe, mbishi mpaka kaburini: "Nilizaliwa Baster, nimekufa Baster." Nikainamisha kichwa kwa aibu, maana mama mkwe wangu alikuwa amesimama ubavuni pangu.

Akainua mkono.

"Mchungaji," akasema, "rudia. Kule nyuma hawajasikia."