Alhamisi Bila Kaindi

Tangu wanawake wa kikundi cha maombi wanunue simu za kisasa, Alhamisi hawakutani tena nyumbani kwa Nzisa, Muthangari. Wanaombea kwenye simu. Kila asubuhi Nzisa, mjane wa miaka sabini na mitatu, hupokea picha za maua na amina hamsini, na bado nyumba humwelemea kwa ukimya. Ambaye Nzisa alitamani kumwona zaidi ni rafiki yake Kaindi. Alhamisi moja akampigia.

“Kaindi, picha zako zimenitosha. Nataka kukuona wewe.”

“Miguu imekataa, dadangu. Njoo wewe.”

Akaenda kwa Kaindi, mtaa wa Hurlingham. Kaindi alikuwa amekonda mno; picha za uso wake alizokuwa akituma pamoja na maua zilikuwa za zamani. Walishikana mikono hadi chai ikapoa. Nzisa alipoaga, hamu ilianza upya kabla hajafika mlangoni.