Nywele za Kaneza

Kugombana na mtu asiyejibu kunachosha kuliko kulima, na Bi Maimuna alikuwa amegombana hivyo mchana kutwa. Alimkuta Kaneza nyuma ya jiko akifukua udongo kwa kucha. "Unaficha nini humo? Chakula tena?" Mtoto akamtazama tu. Maimuna akamfungia chumbani, kisha yeye mwenyewe akajilaza mkekani, usingizi ukamchukua pamoja na hasira zake.

Akajiona yuko katika nchi ambayo ardhi yake imeota nywele badala ya majani, na kila alipokanyaga aliona vibaya, kana kwamba anamkanyaga mtu. Mwanamke mrefu aitwaye Subira akampokea. "Miezi yote uliyohangaikia vibali vya kumchukua mtoto Bujumbura tulikuwa sote," akasema. "Siku mtoto alipofika, ukaniacha mlangoni." Maimuna hakuwa mtu wa kuambiwa. Akamweleza kwamba wameuza shamba, mumewe ameahirisha hija, yeye ameacha kufundisha, yote kwa ajili ya binti wa miaka kumi na mmoja ambaye hata kumpa shikamoo hataki. "Kutoa umetoa," Subira akajibu. "Twende sasa ukaone ulichochukua."

Wakafika kwenye nyumba yenye shangwe. Barazani alikaa Furaha, mnene, mwingi wa vicheko, wembe mkononi, na Pupa kando yake amemshikia beseni. Maimuna aliwatambua mara moja, maana siku ya kumpokea mtoto walikuwa kwake. Siku hiyo Kaneza alikuja na misuko mikuukuu ambayo katika kituo cha yatima alikataa kabisa kufumuliwa tangu afiwe. Maimuna akamnyoa kipara, kama anyolewavyo mtoto mchanga, ili ajue kwamba amezaliwa upya kwao. Majirani wakapiga vigelegele, nywele zikafukiwa nyuma ya jiko kama ilivyo ada. Mtoto hakulia, nao wakamsifu kwamba ana adabu.

"Nilimfanyia heshima," Maimuna akasema. "Ndivyo mtoto anavyopokewa kwetu."

"Mtoto mchanga hana alikotoka, dada yangu," Subira akasema. "Huyu wako alikuwa na kwao, na sehemu ya kwao ilikuwa kichwani."

Maimuna akageuka ili aondoke. Hapo akamwona msichana mdogo, mdogo sana, ameshika upindo wa kanga yake.

"Wewe ni nani?"

"Majuto, bibi. Mjukuu wako. Si unajua sisi huja mwisho?" Akafumbua viganja. Ndani mlikuwa na msuko mmoja mwembamba, umejaa udongo, umesukwa kwa mkono usio na haraka. Maimuna akaelewa mtoto wake alikuwa akifukua nini kule nyuma ya jiko. Akalia, na kilio chake mwenyewe kikamwamsha.

Adhana ya magharibi ilikuwa imekwisha. Akafungua chumba. Kaneza alikuwa ameketi sakafuni, vidole vina udongo bado. Maimuna akakaa chini karibu naye, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akiona haya kumtazama usoni.

"Nisamehe, mwanangu. Zile nywele, nani alikusuka?"

Maimuna alidhani hata leo hatajibiwa.

"Mama," Kaneza akasema.

Tangu mtoto aingie nyumba ile, Maimuna alikuwa akingoja kulisikia neno hilo kinywani mwake. Sasa alilisikia, na halikuwa lake.